Moto wa Kwa Mama Zuhura

Jumatatu, 16 Septemba 1974

Siku kumi na moja hujafungua daftari hili, wewe bibi. Kumi na moja. Mwalimu wa kisomo alikuambia kila siku mistari miwili, mkono usisahau. Ulikuwa wapi? Ulidhani daftari litakufuata kwenye nyasi? Haya, nimekaripiwa. Anayekaripia ni mimi na anayekaripiwa ni mimi, maana hakuna mwingine wa kulisoma. Bhoke anajua kusoma kuliko mimi, alifika darasa la nne, lakini nimemwambia akiligusa nitamvunja vidole. Hatagusa. Ananipenda, na vidole vyake anavipenda.

Nilikuwa nakata nyasi. Za kuezekea. Za karibu zimekwisha, kijiji kizima kipya tunakata hizo hizo, sasa naenda mpaka kule mtoni. Kwenda tupu, kurudi na mzigo. Miaka sitini na kitu na bado nabeba kama punda. Nikilalamika Bhoke anasemaga niache abebe yeye. Abebe na mtoto wa miezi minne mgongoni? Nikamwambia anyamaze anyonyeshe.

Nyumba ilivyo leo: kuta tatu zimekandikwa. Ya nne ni miti mitupu, upepo unapita unavyotaka. Paa nusu. Tunalala kwenye kibanda cha nyasi kando yake. Wiki ya nne hii tangu Operesheni ya vijiji ituteremshe kutoka mlimani upande wa Butiama, tuje kupangwa mstari mmoja huku njia ya Kiabakari. Nyumba yangu ni namba kumi na saba. Sijawahi kukaa kwenye namba.

Moto uko salama. Upo kwenye chungu ndani ya kibanda, umefukiwa kwa majivu na mavi makavu ya ng'ombe. Niliutoa jikoni kwangu kule juu, nikaubeba kichwani njia nzima, tangu hapo naulisha asubuhi na jioni. Nyumba ikiisha, moto utatangulia kuingia. Sisi tutaufuata.

Marwa, mtoto wetu, leo kacheka kuku alipoteleza. Ana cheko la mtu mzima.

Asubuhi baridi. Upepo unatoka ziwani na una meno.


Jumanne, 17 Septemba

Nyasi mizigo minne. Baridi imezidi. Mgongo.

Jirani wa namba kumi na nane kaniletea dagaa. Mama Zuhura, mke wa fundi cherehani, wametoka Bunda mjini. Waislamu. Anaongea kama cherehani ya mumewe, haishiwi uzi. Nampenda. Sijamwambia.


Jumatano, 18 Septemba

Mvua ya mawe.

Mchana saa nane. Kwanza kimya, kuku wakaingia wenyewe bila kufukuzwa. Mbingu ikawa nyeusi upande mmoja na kijani upande mwingine. Kisha yakaanza kushuka, kama kunde, halafu kama mayai ya njiwa. Mwalimu anasema inaitwa barafu. Mimi nasema mawe, maana yamenipiga na najua.

Nilimvuta Bhoke na mtoto tukaingia kwenye nyumba, upande ulioezekwa. Nikamlalia mtoto. Mawe yanapenya ule ukuta wa miti yanarukaruka sakafuni. Kibanda kikalala chini mbele ya macho yangu. Ndani yake chungu.

Nilikwenda kukitoa. Bhoke alinishika nguo, nikaiacha nguo mkononi mwake. Chungu kimepasuka. Makaa yamelala kwenye maji ya mawe, meusi, matatu. Nikayaokota, nikayapulizia kinywani mwangu kabisa. Midomo imeungua kwa baridi, si kwa moto.

Ardhi yote nyeupe. Mstari mzima wa nyumba. Sijaona kitu kama hicho.

Mvua ilipopungua Mama Zuhura akaja, kanga kichwani, mkononi kigae cha makaa amekifunika kwa sinia. Jiko lake liko ndani, halikuguswa.

"Bibi Wegesa, pokea upesi, mtoto anatetemeka."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nyumba mpya haiwashwi kwa moto wa jirani."

"Kwani moto nao una kabila?"

"Una ukoo."

Akacheka, maji yanamtoka puani. Akakiweka kigae mlangoni, akasema akiacha hapo hajanipa, kwa hiyo sijapokea. Akaenda. Tone moja, tone jingine. Nilikaa nikakiangalia kikizima. Bhoke naye alikaa akaniangalia mimi.

Niandike sababu, nisije nikasahau kwamba nilikuwa na sababu.

Nyumba ikiwashwa kwa moto wa watu, watoto wake huwafuata watu. Mama aliniambia, naye aliambiwa na mama yake. Kwa mwingine labda ni maneno. Mimi sikuzaa mtoto wa kiume. Nilizaa wasichana wawili, mmoja alikufa na surua, mwingine kaolewa mbali. Mume wangu alipofariki nikabaki nyumba ntobu, ndivyo kwetu tunavyoita nyumba isiyo na mwana wa kuirithi. Nikatoa ng'ombe wangu, nikamwoa Bhoke kama mwanamume anavyooa, azae kwa jina la nyumba yangu. Ndiyo desturi. Mtoto kapewa jina la mume wangu. Aliyempa Bhoke mimba hatajwi, naye hana dai. Mimi ndiye baba wa nyumba hii.

Sasa angalia. Tumbo si langu. Mbegu si yangu. Kiwanja nimepangiwa kwa kamba na mtu mwenye karatasi. Moto peke yake ndio wangu.

Ndiyo sababu.


Alhamisi, 19 Septemba

Mawe bado yamelala kwenye kivuli cha ukuta, hayajayeyuka tangu jana. Nimekanyaga kwa miguu mitupu, nyayo zikafa ganzi mpaka adhuhuri. Mvua nyembamba haikatiki. Kila nguo imelowa, hata zile zilizokuwa ndani ya sanduku.

Marwa anakohoa.

Tumemweka katikati, kifua chake kwenye kifua cha Bhoke, mgongo wake kwenye tumbo langu. Joto la wanawake wawili. Halitoshi.

Mama Zuhura kaleta uji wa ulezi, wa moto. Nikanywa. Bhoke akanywa. Alipomaliza akafuta kibuyu akasema bila kuniangalia: "Uji wa moto wao tunakunywa, mama. Moto wenyewe ndio hatuutaki."

Nilitaka kumpiga.

Fundi naye kaniletea njiti za kiberiti, kazifunga kwenye kitambaa zisilowe. Kasema basi kama wa jirani haufai, washa wako mpya. Mtu mpole. Nikamwambia moto wa kiberiti hauna mama. Akakuna kichwa akaondoka. Njiti kaziacha.

Kule juu kwenye nyumba ya zamani niliacha gogo la mgunga jikoni. Nililifukia vizuri siku tunaondoka, majivu, mavi makavu, majivu tena. Mgunga ni moto wa subira. Mwaka ule tulikwenda kuzika Kigera, tukakaa wiki mbili, tukarudi tukalikuta liko hai. Kesho nitakwenda kuchukua kaa moja. Moja tu linatosha.

Bhoke kaniambia kule hakuna paa. Watu wa Operesheni walilishusha. Mvua hii imenyesha na huko.

Najua. Nimesema nitakwenda.


Ijumaa, 20 Septemba

Ninaandika mbele ya moto. Si wangu. Nitafika huko.

Nimetoka alfajiri. Njia imekuwa mto. Nimeanguka mara mbili, goti limechunika. Watu wa njiani wameniuliza bibi unakwenda wapi na kigae kitupu kwenye baridi hii, nikawaambia nakwenda kwangu. Ng'ombe wa mtu mmoja wamekufa wamesimama kwenye zizi lisilo na ukuta, ndama wawili, wameegemeana. Nikapita.

Nyumbani. Kuta ziko nusu. Mlango haupo, nikapita palepale ulipokuwa, kwa adabu. Mafiga matatu yako mahali pake. Katikati yake dimbwi. Nikaingiza mkono. Majivu yamekuwa uji, uji wa baridi. Gogo liko chini, nikalivuta, limelowa mpaka moyoni. Nikalipasua kwa jiwe nione. Hakuna hata joto la paka.

Nilikaa hapo. Sijui muda gani. Niliyatukana mafiga, maana hayakuweza kukimbia. Nilimtukana na marehemu mume wangu, kwamba kama angenipa mwana wa kiume nisingekuwa nimekaa kwenye dimbwi na ujinga wangu. Maskini, hana kosa. Alikuwaga mtu mzuri na miguu yake ilikuwaga na joto.

Nikang'oa figa moja nikalibeba kichwani. Sikutaka kurudi mikono mitupu.

Nilipofika kwenye mstari nikaona moshi unatoka kwenye namba kumi na saba. Nikafikiri nimekosea kuhesabu. Nikahesabu tena.

Ndani moto unawaka katikati ya sakafu. Mama Zuhura amekaa anauchochea. Bhoke hayupo. Mtoto hayupo.

Akaniambia taratibu, na yeye hajui kusema taratibu. Baada ya mimi kutoka, mtoto alianza kuvuta pumzi kwa mbavu. Bhoke akaenda mwenyewe kwa Mama Zuhura kuomba moto, akauwasha. Wakampasha mtoto mpaka mchana, pumzi ikazidi kuwa fupi. Lori la pamba likapita linakwenda Musoma. Fundi akasimama katikati ya barabara, dereva akasimama apende asipende. Bhoke amepanda na mtoto kifuani, kwenye marobota ya pamba, chini ya turubai. Wamekwenda hospitali.

"Aliacha neno?" nikauliza.

"Hakuacha."

Nilisimama na jiwe kichwani. Nilikuwa nimeapa mtu akiwasha humo nitaumwaga moto wake nje kwa mguu. Mguu haukwenda. Nikaliweka figa chini, nikakaa, nikanyosha mikono. Mikono yangu haikuuliza moto ni wa nani.


Jumamosi, 21 Septemba

Homa. Goti limevimba. Nimejaribu kwenda barabarani nikaishia mlangoni.

Mvua.


Jumapili, 22 Septemba

Hakuna habari. Mama Zuhura anasema kukosa habari ni habari njema. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa.


Jumanne, 24 Septemba

Nimekwenda Musoma jana, nimerudi leo. Lori la mawe kwenda, miguu na baiskeli ya mtu kurudi.

Hospitali imejaa watoto. Baridi imewaleta wote. Wawili kitanda kimoja, wengine sakafuni na mama zao. Nimepita nawaangalia nyuso mmoja mmoja, nikiwa nimejiandaa nisimkute. Nimemkuta. Kitanda cha dirishani, amelala na mtoto wa mtu mwingine, kama mapacha.

Yuko hai.

Kichomi, mapafu yote mawili. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya askari, kaniambia atapona, lakini baridi nyingine kama ile hataivuka. Kaniuliza: "Mlikuwa mmekaa bila moto siku ngapi?" Nikasema mbili. Kasema: "Kwa nini?" Nikainama kumchukua mtoto.

Nilimpakata. Amekuwa mwepesi. Alinishika mdomo wa chini akauvuta, kama anavyofanyaga, na mdomo una kidonda cha yale makaa. Nikamwacha avute.

Bhoke alikaa upande wa pili wa kitanda. Amekonda. Ana miaka kumi na tisa, leo nimemwona kama mtu mzima kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyemtolea ng'ombe. Alisema maneno machache, nayaandika yote.

"Mama, sirudi."

Nikasema nyumba nitaimaliza wiki hii.

"Si nyumba. Ulitoka ukaenda kuutafuta moto, moto ukiwa jirani. Ningekungoja, ningemzika."

Kisha akasema anakwenda Kigera kwa shangazi yake, kuna nyumba ya bati na jiko la mkaa. Akasema hanichukii. Afadhali angenichukia, ningejua la kufanya na maneno yake.

Nilimvulia blanketi langu nikamfunika mtoto, na mtoto wa yule mwingine pia, maana walikuwa wamelala pamoja. Nikamwambia Bhoke amfunge kifua asubuhi na jioni, asimwogeshe maji ya kisimani, asimpe kila mtu ampakate, na yeye mwenyewe ale, anaonekana kama ufito. Nilimkaripia mpaka muuguzi akaniambia nipunguze sauti. Bhoke alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nakaripia.


Alhamisi, 26 Septemba

Wazee watatu wa ukoo wa mume wangu wamekuja. Shemeji yangu ndiye msemaji. Wamekaa kwenye moto wakanywa uji wangu ndipo wakaanza.

Wanasema mtoto ni wa nyumba hii, atarudi kwa hiari au watakwenda kumchukua. Au mke arudi. Au ng'ombe warudi. Mimi ndiye niliyemwoa, nikisema neno moja tu watakwenda Kigera kesho. Shemeji akaongeza, akiyatazama makaa, kwamba haya ndiyo matunda ya moto wa watu. Uliwashwa, na jua halijazama mtoto ameshawafuata watu. Wenzake wakaitikia.

Nilipenda kuitikia nami. Ingekuwa rahisi. Mama yangu angekuwa alisema kweli na mimi ningekuwa sina kosa.

Nikamwambia: "Shemeji, moto huu uliletwa mlangoni pangu siku mbili kabla mtoto hajaondoka, nikauacha uzime. Aliyemwondoa ni mimi."

Akasema nimechanganyikiwa kwa homa.

Nikawaambia mtoto asifuatwe. Ukuta mmoja bado ni miti. Paa halijafika mwisho. Blanketi sina. Mtu gani anamrudisha mtoto mwenye kifua humu ili jina lisipotee? Jina la maiti? Na ng'ombe nao waachwe, sitaki kusikia habari za ng'ombe. Nikawaambia nimesema kama baba wa nyumba hii, na wao wenyewe ndio walionipa ubaba huo mbele ya watu.

Shemeji akasema: "Basi umeifunga nyumba ya kaka yangu kwa mkono wako."

Nikasema ndiyo.

Wakaondoka. Kibuyu cha uji hawakumaliza. Nilifikiri nitajisikia mwema. Sijisikii chochote. Nimeimba ule wimbo wa kumlazia mtoto mpaka nikakumbuka hakuna mtoto.


Jumapili, 6 Oktoba

Umechelewa tena, bibi. Siku kumi. Sikukaripii leo, huna nguvu za kukaripiwa.

Nyumba imekwisha. Ukuta wa nne umekandikwa, fundi na mkewe wamenisaidia, mke anakanda na huku anaongea, udongo wote umesikia habari za Bunda. Paa halivuji. Ni nyumba nzuri kuliko ile ya mlimani, niseme ukweli. Ina vyumba viwili. Kimoja sikiingii.

Figa nililobeba nimeliweka na mawili ya huku. Refu kidogo kuliko wenzake, sufuria inainama.

Baridi imepungua lakini haijaondoka. Asubuhi pumzi inaonekana. Nimekwenda Kigera mara moja, nimesimama upande wa pili wa barabara. Nikaona blanketi langu limeanikwa kwenye uzio. Nikarudi. Kama limefuliwa basi linatumika. Sikubisha hodi. Hawatarudi, na mimi sitawaita.

Jana jioni moto wa Mama Zuhura ulizimika, mvua iliwapenyea. Kaja kuomba kaa kwangu, na kigae chake kilekile. Kasimama mlangoni. Nikamjazia kigae. Nikamwambia ni wako huo, unarudi nyumbani. Akaenda ameufunika kwa kiganja.

Kuni ninazo za wiki. Nalala kando ya moto, nikigeuka nauongezea. Hakuna wa kupashwa ila mimi, na mimi ni mzee, sihitaji mwingi hivi. Nauongezea tu.

Basi, bibi. Ukija tena kulifungua daftari hili, kabla hujashika kalamu weka kuni moja. Na mlango uegeshe tu, usiukomee, maana mtu mwenye mtoto mikononi hana mkono wa kubisha.